Modemu ya Mwendo wa Mwalimu

Saa nne asubuhi, Mama Lehemu amepiga magoti nyuma ya televisheni ya Mwalimu, bisibisi mdomoni, akipapasa tundu la waya. Mezani ipo kompyuta ya zamani, ile ambayo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe na televisheni ndiyo kioo chake.

Mwalimu, mstaafu wa ufundi, ametulia kitini. Kiharusi kilimwacha hai mwaka jana, ila sauti kikaondoka nayo. Simu ya kisasa imemshinda. Kila akigusa herufi moja zinakuja tatu. Vitufe vikubwa vya kompyuta hii vidole vyake vinavijua. Kilichokosekana ni modemu ya kumuunganisha na binti yake aliye ng'ambo. Miezi minane hawajasemezana.

"Huyu mzee ndiye aliyenishikisha pasi ya lehemu," anasema Mama Lehemu, fundi redio wa miaka hamsini na miwili. "Nilikuwa nafagia karakana ya shule. Akaniambia, weka ufagio, njoo uone. Hakunidai hata senti. Kosa langu lilikuwa moja tu, kila siku ananiambia: wewe binti una haraka!"

Kwa shukrani hiyo amefunga kibanda chake wiki nzima. Wateja wenyewe ni wa kuhesabu, redio mbili tatu kwa siku, na siku nyingine ni yeye na nzi.

Modemu ya kwanza aliyoletewa ilikuwa na vikombe viwili vya mpira vya kulazia mkono wa simu ya mezani. "Nzuri kwa kutazama," anacheka. "Simu ya mezani nani anayo siku hizi?" Ya pili nayo ilidai waya wa simu. Ya tatu ni kijisanduku kinachotumia Wi-Fi na kuidanganya kompyuta kwamba kuna laini ya simu. Akachagua hiyo.

Lakini kwa kumpenda mzee, akaiweka mwendo wa juu kabisa. Kompyuta ikazidiwa. Ujumbe wa kwanza wa binti ukaingia vipande vipande, nusu ya herufi hazipo. Mwalimu akageukia ukutani.

"Niliumia jamani. Siku aliyoingoja miezi minane, nimemharibia mimi."

Leo ameushusha mwendo hadi wa chini kuliko wote. Anainuka, magoti yamejaa vumbi. Kwenye kioo herufi zinafuatana, nzima zote: BABA UPO?

NIPO MAMA, anaandika Mwalimu.

Wanaandikiana karibu saa nzima. Mama Lehemu analia waziwazi, haoni haya.

"Nikipata nyingine kama hii nitaiweka akiba," anasema. "Hii ikifa, nabadilisha siku hiyohiyo. Mzee wangu hatanyamaza tena nikiwa hai."

Mwalimu anamwashiria asogee, asome anachomwandikia binti: MSHUKURU DADA YAKO. AMEPUNGUZA HARAKA.