Raviro Aliyebaki Chini ya Mlima

Shangazi yangu Raviro alikuwa mpika pombe, na kabla mtemi hajahamia mlimani, hapakuwa na mtu mzima katika mji wetu wa zamani ambaye hajawahi kukaa uani kwake. Mji ule ulijengwa kuzunguka zizi. Ng'ombe walilala katikati, wanaume walifanya baraza lao ubavuni mwa zizi, na nyumba ya mtemi ilikuwa hapo hapo karibu, ikinuka samadi kama nyumba zetu zote. Mtemi mzee, yule aliyekufa wakati baba yangu anaanza kuota ndevu, alikuwa akija mwenyewe kwa Raviro asubuhi, anakaa kwenye gogo, anapewa kibuyu chake. Siku moja Raviro alimwambia mbele za watu kwamba ngozi aliyojifunga imechanika nyuma, na kama wake zake wote hawaoni, basi yeye atamshonea kwa bakuli moja la kunde. Mtemi alicheka mpaka pombe ikamtoka puani. Watu walikisimulia kisa hicho kwa ajili ya kile kicheko. Hakuna aliyedhani kwamba Raviro amethubutu jambo kubwa.

Walizaliwa watatu. Raviro ndiye mkubwa, akafuata baba yangu Togara, na kitindamimba akawa Sekesai. Wazazi wao walichukuliwa na homa wakati Sekesai bado anabebwa mgongoni, na tangu hapo mgongo ukawa wa Raviro. Alipoolewa alikwenda naye. Mumewe, mchunga ng'ombe mpole asiye na maneno mengi, alitaniwa kwamba ametoa mahari ya mmoja akaletewa wawili. Alikuwa akijibu kwamba huyo mdogo anakula kidogo kuliko huyo mkubwa anavyosema.

Halafu shanga zikaanza kuja kwa wingi kutoka mashariki, upande wa bahari. Wenye kuzileta tuliwaona mara chache. Tulichokiona ni wawindaji wetu wakiondoka kufuata tembo kando ya Limpopo, na pembe zikipita kuelekea kwa mtemi, na shanga na vitambaa vikitoka kwa mtemi. Huyu alikuwa mtemi mpya, mtoto wa yule mzee. Hakuwa mtu mbaya, lakini hakuja kwenye gogo. Kwanza aliagiza zizi kubwa lihamishwe nje ya mji, maana samadi ilikuwa imerundikana hata imekaribia kufunika baraza. Kisha akasema mji wenyewe umembana, na atakwenda kuishi Mapungubwe.

Mapungubwe ni ule mlima wa mawe uliosimama peke yake, kuta zake zimekatika pande zote. Siku zile walipanda waombaji mvua tu, na sisi wengine tulifundishwa tusiunyooshee hata kidole. Wazee walinung'unika. Walinung'unika msimu mmoja, mvua ikaja vizuri, wakanyamaza. Tatizo lililobaki ni kwamba juu kule ni mwamba mtupu. Huwezi kusimamisha nguzo, huwezi kuchimba shimo la nafaka. Udongo ilibidi upandishwe kutoka bondeni, kikapu kwa kikapu, kwa kupita mwanya mwembamba wa mwamba.

Raviro alikuwa mbele ya wanawake waliobeba. Ndiye aliyeanzisha nyimbo, na ndiye aliyewatukana waliolegea. Alimwambia mwanamke mmoja kwamba kikapu chake kina udongo wa kuotesha boga moja, na hilo boga lenyewe litakuwa na njaa. Alifanya kazi ile kwa furaha, kwa sababu wakati huo huo Chivanga, ndugu mdogo wa mtemi, alikuwa amempeleka mshenga kwa Togara kumposa Sekesai.

Sekesai hakutaka. Alikuwa na mazungumzo na Gwaze, fundi wa shaba aliyekuwa akivuta nyuzi nyembamba za kufumia bangili. Raviro alilijua hilo, kama mji mzima ulivyojua. Siku waliyoliongea, Sekesai alikuwa anasonga ugali wa mtama, na Raviro amerudi kutoka mlimani, nywele zimejaa vumbi.

"Dada, mimi sitaki kwenda kukaa juu ya jiwe kama pimbi."

"Pimbi anaota jua mchana kutwa," Raviro akamjibu. "Wewe huku chini umeota jua lini? Tangu ujue kushika mchi hujakaa."

"Na Gwaze?"

"Gwaze ana nini, mdogo wangu? Ana nyundo na kikohozi."

Sekesai akacheka, maana Gwaze kweli alikuwa anakohoa kwa moshi wa kuyeyushia shaba. Raviro akakichukua kile kicheko kuwa ndiyo. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba kama Sekesai angelia siku ile, yeye angemrudisha mshenga. Lakini hakulia. Alicheka, akainamia chungu chake, akawa kimya mpaka ugali ukaiva, na Raviro aliyemlea hakuuliza ule ukimya ni wa nini.

Ng'ombe wa Chivanga walikuja wazuri, wenye nundu za kuyumba. Kwa ng'ombe hao hao Togara akamwoa mama yangu. Kwa hiyo mimi ninayesimulia nimetokana nao, na sijawahi kujua niseme nini juu ya hilo. Gwaze aliondoka na mafundi wengine kwenda kaskazini, kwenye migodi, na hatukusikia tena habari zake.

Mwanzoni mambo yalikwenda alivyotaka Raviro. Mtemi na jamaa zake walihamia juu, sisi tukahamia chini ya mlima, na Raviro akawa anapanda na vyungu vyake vya pombe, anakaa kwa mdogo wake, anashuka jua likipoa akiwa na habari za kutosha uwanja mzima. Alitueleza kwamba Sekesai amenenepa, amepata mtoto wa kike, anaitwa Hazvinei. Alitueleza pia kwamba siku hizi watu wa juu hawasemi "mtemi amekula." Wanasema "amepumzisha mkono." Alituigizia, nasi tukacheka.

Kisha siku moja akamkuta mlinzi kwenye mwanya. Alikuwa Runesu, kijana wa jirani zetu wa zamani. Akamwambia kwamba kuanzia sasa hapandi mtu ila aliyeitwa, na pombe itapokelewa hapo hapo chini.

"Runesu, si wewe uliyekuwa unalamba vyungu vyangu hujajua hata kujifunga nguo?"

"Ndiye mimi, mama. Na vilikuwa vitamu. Lakini nikikupitisha leo, kesho atakaa mwingine hapa, na mimi sijui nitakuwa wapi."

Raviro alishusha chungu akarudi. Akangoja kuitwa. Msimu ukapita, mwingine ukapita. Walioruhusiwa kupanda kila siku walikuwa wanawake wa kubeba maji, kwa kuwa juu hakuna kisima. Kazi hiyo waliifanya watu wasio na ng'ombe, na mpika pombe aliyekuwa akitaniana na mtemi hakupaswa hata kuifikiria. Raviro akajitwika mtungi akaingia kwenye mstari wao. Baba yangu alimfuata njiani akimsihi asituaibishe. Akamwambia asimame upande, anamzuia upepo.

Wabeba maji hawakuingia nyumbani kwa watu. Walimimina mitungi yao katika ua wa nje, nyuma ya ukuta wa mawe, wakageuka. Raviro alibeba hivyo muda mrefu bila kumwona mtu. Mpaka siku moja, akiwa ameinamisha mtungi, alisikia sauti ya Sekesai upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anazungumza na wanawake wengine, polepole, kwa ile lugha yao ya juu. Raviro akaita. Akaita kwa jina la utotoni, lile alilokuwa akimwimbia mgongoni.

Upande wa pili mazungumzo yakakatika. Kisha Sekesai akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeulizia mbuzi aliyeingia shambani: "Nani huyo mwanamke anayepiga kelele?"

Kuna aliyemjibu kwamba ni mbeba maji. Wakaendelea na mazungumzo yao.

Raviro alishuka, akaupasua ule mtungi kwenye jiwe, hakupanda tena. Sisi tulimpa sababu nyingi. Mama yangu alisema labda mke mkubwa wa mtemi alikuwa amekaa pale, na Sekesai aliogopa. Baba alisema labda ukuta ulibadilisha sauti. Raviro hakubishana. Alisema tu kwamba sauti ya mtu aliyejifunzia maneno mgongoni kwake anaijua, na yake pia inajulikana.

Baada ya hapo aliishi kama mtu aliyekuwa na ndugu mmoja. Mumewe akafa, watoto wake wakaoa na kuolewa, mji wa chini ukakua hata tukawa hatujuani majina. Pombe yake bado ilisifiwa. Vyungu vilichukuliwa chini ya mwanya, na hakuuliza pombe inanywewa na nani.

Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimekuja kumsaidia kuchuja, siku Runesu alipoingia uani. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye mvi. Alipiga magoti, akapiga makofi ya salamu kama tunavyowasalimu wakubwa, akasema, "Mama, umeitwa."

"Nani kaniita?"

"Mke wa Chivanga."

"Simjui. Mwambie mpika pombe ana chungu jikoni. Ikiiva, atakuja."

"Anaumwa, mama."

"Wagonjwa wa juu wana waganga wa juu."

Runesu alikuwa bado amepiga magoti. Nilimwona akitaka kusema kitu kingine, akakiacha. Akainuka akaenda zake. Baba yangu aliposikia alikuja mbio na fimbo yake, akamgombeza dada yake kama ambavyo hakuwahi kumgombeza maisha yake yote. Raviro akamwambia atulie, atakwenda kesho. Na alikusudia kwenda, hilo ninalishuhudia. Jioni alijipaka mafuta miguuni, akatoa ngozi yake nzuri akaipigapiga vumbi, akajaza kibuyu pombe ya kwanza ya chungu, ile tamu ambayo haiuzwi. Alitaka tu angojewe kidogo. Yeye alikuwa amengoja sana.

Asubuhi nilimsindikiza. Runesu alikuwa kwenye mwanya, akatupisha bila kutuangalia. Kabla hatujafika juu tulisikia vilio.

Walikuwa wamekwisha kumkalisha Sekesai kaburini, magoti kifuani, kama wanavyozikwa watu wa juu, amefungwa ngozi ya ng'ombe mweusi, uso umefunikwa. Shingoni alikuwa na shanga za dhahabu. Mwanamke mmoja mrefu alisimama kando ya kaburi, na wengine wote walikuwa wamekaa chini. Akatutazama, akangoja. Nilielewa anangoja nini, nikapiga magoti. Raviro naye akapiga magoti, taratibu, kwa sababu ya goti lake bovu, mbele ya mtoto wa mdogo wake ambaye kwa haki angemwita mama mkubwa.

"Wewe ndiye mpika pombe wa chini?" Hazvinei akauliza.

"Ndiye."

"Mama alikuulizia jana mchana kutwa. Tulimwambia uko njiani."

Raviro akauliza, "Alikuwa anasema nini?"

"Aliuliza tu kama umefika." Hazvinei akafikiri kidogo. Hakuwa na ukali; nadhani hakujua aweke wapi mikono yake. "Alikuwa akisema ana dada. Sisi tulidhani ni wa mbali."

Raviro alimuuliza kuhusu siku ile ya ukutani. Hazvinei hakuijua. Alisema wabeba maji wanapita kila siku, na yeye huenda alikuwa bado mdogo. Wanaume wakaanza kufukia. Udongo ule ulikuwa wa bondeni, mwekundu, uliopandishwa na akina Raviro walipokuwa na nguvu zao, na kwa kuwa mwamba uko karibu, kaburi halikuwa na kina. Raviro aliomba aruhusiwe kutupia viganja viwili vya udongo. Wakamruhusu.

Aliendelea kupika pombe, maana ndiyo kazi aliyoijua, lakini hakuonja tena ya kwanza. Watu waliokuja kutoka mbali kuuangalia mji wa mfalme, kwa kuwa siku hizo tulikuwa tumeshaanza kumwita mfalme, walimfuata awasimulie jinsi mlima ulivyovikwa udongo. Aliwasimulia vizuri, na nyimbo akawaimbia. Habari za Sekesai alinipa mimi, vipande vipande, tukipalilia kunde kando ya mto.

Mara moja nilijaribu kumfariji. Nilisema kosa ni la mtemi aliyejitenga na watu, na la ule mwanya, na la ukuta. Alichomoa gugu, akalikung'uta.

"Hayo yote yapo, mwanangu," alisema. "Lakini siku ile mlima haukunizuia. Runesu alikuja kunichukua."

Alikufa mwanzo wa mvua, akiwa usingizini, na tulimzika chini, karibu na mumewe. Hazvinei alimtuma mtu na kitambaa cha mashariki, chekundu, kizito, ambacho hakuna mtu wa chini aliyewahi kuzikwa nacho. Baba yangu alikishika mikononi muda mrefu. Kisha akatuambia tumfunike nacho. Hazvinei mwenyewe hakushuka.