Kaka, Usishuke!

Mimi ni dereva wa watalii hapa Karatu, na tangu juzi sina pa kuuweka uso wangu. Wageni walikuwa wakila kando ya bwawa la viboko, ndani ya kreta kwenye hifadhi ya wanyama, mimi nimebaki garini na gemu ya simu. Hii mpya inasimulia yaliyotokea kabla ya ile ya kwanza, kwa hiyo nilijua kabisa kaka yake shujaa atakufa, maana kwenye ile ya kwanza ni marehemu tayari. Hata hivyo, alipofungua mlango wa gari lake na adui anamngoja nje, nikapiga kelele: "Kaka, usishuke! Atakuua!" Kisha nikalia kwa sauti.

Kumbe nimekalia kipaza sauti cha redio ya mawasiliano, kitufe kimebonyea, madereva wote wananisikia.

Magari yakaja na vumbi lake. Askari wa wanyamapori akaruka chini na bunduki.

"Simba kamchukua nani?"

Nikamgeuzia simu, machozi yakinitiririka.

"Huyu, afande."