Mgongo wa Musyoka na Mawe ya Mwaitu

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nywele zangu zingali nyeusi, mume wangu Musyoka alipoletwa nyumbani kwetu hapa Kabiria, Nairobi, amelala kifudifudi nyuma ya pikapu. Alikuwa fundi wa vigae. Asubuhi hiyo alikuwa akitandaza sakafu ya jiko katika nyumba moja kule Mountain View. Akainama kuinua katoni ya vigae, kazi aliyoizoea, akasikia kitu kimechomoka kiunoni, na mguu wa kushoto ukawaka moto mpaka kisigino. Wenzake wakambeba. Alipofikishwa mlangoni alinitazama, akajaribu kucheka.

"Mama Ndinda," akasema, "leo nimerudi mapema."

Nakuambia haya kwa sababu nimekuona ukishika kiuno unapoinuka kitini, nawe unadhani sioni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Musyoka naye alificha. Kwa muda mrefu alijipaka dawa ya kuchua na kumeza vidonge vya dukani, akisema ni uchovu tu. Siku hiyo hakukuwa tena na la kuficha.

Tulianza hospitali ya serikali, na sitawasingizia, walimwangalia vizuri. Daktari alipima nguvu za mguu, akauliza kama haja ndogo inatoka kama kawaida, akampa dawa, akamwandikia mazoezi ya viungo. Shida ilikuwa foleni. Zamu yake ya mazoezi ilikuwa mbali, na huku nyumbani kila asubuhi nilimvisha soksi kama mtoto, naye akigeuzia uso ukutani asinione. Ndipo jirani akatuelekeza kwa Mama Amrit, Mhindi mzaliwa wa Nairobi, mtaalamu wa viungo aliyekuwa na kliniki yake ghorofani katikati ya jiji. Kwake hungoji. Lakini kila uendapo, unalipa.

Sasa ngoja nikwambie pesa hizo zilikuwa za nini.

Kijijini kwetu Makueni, mama mkwe wangu aliishi katika nyumba ya matofali ya udongo yenye mabati yaliyochoka. Tulimwita Mwaitu, yaani mama, kwa Kikamba. Musyoka ndiye mtoto pekee aliyembakia, na alikuwa amemwahidi nyumba ya mawe, yenye baraza la kuotea jua na sakafu ambayo angeitandaza kwa mikono yake mwenyewe. Tulizoea kubishana juu ya vigae hivyo. Mimi nilitaka vya kijani. Yeye alisema macho ya Mwaitu yameanza kufifia, heri vyeupe, aone anapokanyaga. Mawe yalikuwa yamesharundikwa uani. Akiba ya saruji na mafundi ndiyo tuliyoanza kuila.

Nilitarajia kuona mitambo kwa Mama Amrit. Kulikuwa na kitanda, mkeka na mikono yake. Kilichokuwa ghali ni muda wake. Alimsikiliza Musyoka mpaka akamaliza, jambo ambalo hata mimi mkewe sikuwa nimelifanya. Akamtaka aoneshe anavyoinama kazini, anavyolala, anavyobeba.

"Baba Ndinda," akamwambia, "mimi si fundi wa kukupaka rangi halafu uende. Kazi kubwa ni yako, huko nyumbani, kila siku. Kama hutafanya, usiniletee pesa yako."

Alifanya. Zikapita wiki kadhaa, asubuhi moja nikamkuta ameketi kitandani amevaa soksi zote mbili, ananitazama kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Basi, hapo hapo akaacha kwenda. "Niko sawa sasa," akasema. Hakuwa sawa. Usiku nilimsikia akiguna kila akijigeuza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilimsihi, akaziba masikio, mwisho nikampigia Mwaitu simu.

Mwaitu alifika na mfuko wa ndengu, akaketi, na chai akaikataa kwanza.

"Musyoka, kwa nini umeacha matibabu?"

"Mwaitu, hizo ni pesa za nyumba yako."

"Nani alikuambia nataka nyumba?"

"Ile ya sasa inavuja, Mwaitu."

"Inavuja pembe moja, nami silali pembe hiyo." Akamsogelea, akaweka kiganja pale pale kiunoni, na Musyoka, mtu mzima mwenye ndevu, akafumba macho. "Nilikubeba kwa mgongo huu wangu mpaka kliniki ya kule mlimani, na jua likiwaka. Leo unauza mgongo wako uninunulie mawe? Ukilala wewe, mimi nitainuliwa na nani? Mawe?"

Mwaitu akaomba chai yake.

Kesho yake tulipanda ngazi za kliniki sote watatu. Mwaitu alimkazia macho Mama Amrit, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha Makueni, "Wewe, utaponya huyu?"

"Mama, sitakudanganya. Huu mgongo unaweza kurudi kusumbua. Nitamfundisha kuishi nao, mpaka siku nyingi asahau kama anao."

"Hiyo inatosha," Mwaitu akasema. Aliporudi nyumbani akayauza yale mawe kwa jirani, akatutumia pesa. Musyoka alipoona ujumbe kwenye simu, alitandika mkeka, akaanza mazoezi.

Nyumba haikujengwa, mwanangu. Ada za shule za mtoto wetu Ndinda zilikuja, mvua zikakosekana, siku zikaenda. Lakini Musyoka alirudi kazini, akiinama kwa magoti jinsi alivyofundishwa, na jioni baada ya jioni alitandika mkeka wake sebuleni akafanya mazoezi, Ndinda akimcheka. Na Mwaitu alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, ni Musyoka aliyehamia Makueni kumuuguza. Kila asubuhi alikunja magoti, akamkumbatia mama yake, akamwinua kitandani, akampeleka nje kwenye jua. Baraza halikuwepo. Alimkalisha kwenye kiti, mgongo wa kiti ukiegemea ule ukuta wa udongo, akamchania nywele. Mwaitu alifia mikononi mwake.

Musyoka naye alinitangulia, kwa homa ya mapafu. Mgongo wake mpaka siku hiyo ulikuwa umenyooka. Jumapili jioni bado natembea kutoka hapa hadi Dagoretti Corner, njia tuliyokuwa tukiitembea pamoja kwa agizo la Mama Amrit, nami bado naenda upande mmoja wa barabara nikimwachia nafasi yake. Kuna siku naiona ile nyumba ambayo haikuwepo: vigae vyeupe, Mwaitu anakanyaga bila kupapasa. Naitamani. Ila ningepewa kuchagua leo, ningechagua tena yale magoti yaliyokunjwa.

Basi shika haya, mwanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo maumivu yakikaa, yaseme mapema. Ukiona mguu unalegea au haja inakukataa, usingoje jirani akushauri, kimbia hospitali saa ile ile. Ukienda kwa wa kulipia, uliza unalipia nini. Jengo linalong'aa halikunjui kiuno. Anayekuahidi kupona kabisa kwa siku moja, muage. Anayekusikiliza, akakwambia ukweli na kukufundisha kazi ya kufanya mwenyewe, huyo mlipe hata kama itakubidi uahirishe jambo unalolipenda, kisha usiache njiani kwa sababu umeweza kuvaa soksi. Na wazazi wako, kabla ya kuwajengea, waulize wanataka nini. Mara nyingi watakutaka wewe, mzima.

Mungu akupe kiuno cha kuinamia wadogo na cha kuwainulia wakubwa. Akupe mtu wa kukukemea ukikosea, na masikio ya kumsikia angali hai. Uzeeke umesimama, mwanangu, na wakuzunguke wale unaowapenda.