Presha Iliyokuwa Ikishuka Kila Asubuhi

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa upande wa Bunda, niliajiriwa kufua mashuka katika hospitali ya misheni. Mume wangu alikuwa mvuvi Kibara na alikuja nyumbani pale tu alipopata lori. Kwa hiyo mchana wangu mwingi niliumaliza na watu wawili: Sista aliyesimamia hospitali, na fundi wa boila.

Boila yenyewe ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, ikila kuni tangu alfajiri. Maji yake hayakuwa ya kuoga wala ya kufulia. Yalikuwa yanazunguka tu ndani ya mabomba, yanapasha moto maji ya wodi ya wazazi na chumba chetu cha kukaushia mashuka, halafu yanarudi yamepoa. Siku yangu ya kwanza fundi alinionyesha geji ya presha ukutani. "Mama, haya maji yanaenda safari na kurudi," alisema. "Mshale ukishuka, ujue kuna mahali yanatoroka."

Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti kubwa kupita mahitaji. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Musoma, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

Kabla ya masika mshale ulianza kushuka. Asubuhi tuliukuta umelala karibu na sifuri, mabomba ya wodi baridi, na akina mama waliojifungua wakiomba maji ya moto jikoni. Fundi akaongeza maji mpaka mshale ukakaa mahali pake. Kesho yake ulikuwa chini tena. Alifuata mabomba yote yaliyoonekana kwa kiganja, akipapasa kila kiungo. Yote makavu. Akachukua nyundo ndogo akagonga tangi la chuma lililokaa juu ya boila, akatikisa kichwa kuridhika. "Tangi ni zima," alisema.

Lililobaki ni bomba lililopita chini ya sakafu ya wodi. Sista hakupenda, lakini alikubali. Wazazi wakahamishwa verandani, wengine wakiwa na watoto wa siku moja, na sakafu ikavunjwa. Mama mmoja wa Mugeta alinyonyesha huku akituangalia kama watu tunaomchimbia kaburi mlangoni. Tulipofika kwenye bomba, udongo uliolizunguka ulikuwa mkavu kama unga. Sista akasema taratibu, "Fundi, nitaandika barua Musoma waniletee mtu mwingine." Fundi aliinama akaanza kurudisha udongo kwa mikono. Nilimwonea huruma mpaka nikashindwa kumtazama.

Siku iliyofuata nilikuwa naanika nepi nyuma ya ukuta, moto umekolea, nikasikia maji yanachuruzika. Yalitoka kwenye kibomba kifupi cha valvu ya usalama, ile inayofunguka presha ikizidi. Nikaingia ndani kutazama geji: mshale ulikuwa juu kabisa, umegusa alama nyekundu. Nilishangaa. Sisi tulikuwa tunalia presha ndogo, kumbe mchana ilikuwa inazidi. Maji yalimwagwa moto ukiwaka, na boila ikipoa yaliyobaki hayakutosha.

Nilimwita fundi, nikamwonyesha. Alitazama kibomba, akatazama geji. "Maji yakipata moto yanavimba," alisema. "Lile tangi la juu ndilo linayapokea. Nusu ya chini maji, nusu ya juu hewa. Hewa inabanwa, presha inatulia. Lakini tangi ni zima, niligonga." Akagonga tena, chini kwenda juu. "Unasikia? Juu linalia kama kengele."

Mimi sikusikia kengele. Lilikuwa linatoa sauti nzito, du, du, chini mpaka juu, kama mtungi uliojaa. Ni vigumu kumwambia mtu wa umri wa baba yako kwamba amekosea kazi aliyoanza kuifanya kabla hujazaliwa. Mwishowe nilimsogelea sikioni. "Baba, kote ni sauti moja. Limejaa."

Alilisogelea tangi. Akaweka kiganja juu yake, akanipa nyundo. "Gonga wewe." Niligonga. Alisogeza kiganja chini, nikagonga tena. Akafumba macho.

"Kweli limejaa," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Zamani nilikuwaga nasikia hata boliti ikilegea. Siku hizi sisikiagi. Masikio yangu niliyaacha Musoma, kwenye zile mashine."

Tulizima moto, tukangoja boila ipoe. Alifunga koki kati ya boila na tangi, akafungua ya chini ya tangi, na kizibo cha juu ili hewa iingie. Maji yalitoka meusi yananuka chuma. Nyuzi za kizibo kile, ile mistari ya skrubu ya kukazia, zilikuwa zimelika. Hapo ndipo hewa ilikuwa inapotelea kidogo kidogo. Akazizungushia katani iliyopakwa rangi ili hewa isipite, akakaza, akarudisha koki zote, tukajaza maji. Moto ulipokolea mshale ulipanda kidogo ukatulia, na nyuma ya ukuta hakukutoka hata tone.

Jioni alimwendea Sista mwenyewe, nami nikiwepo. Hakuzunguka. "Sakafu nimeivunja bure," alisema. "Mimi sisikii. Huyu mama ndiye amesikia." Sista aliuliza kama tukiwa wawili tutaweza kazi. Fundi alinigeukia, akingoja nijibu mimi.

Nikasema tutaweza. Barua ya Musoma haikuandikwa. Fundi alinifundisha kila koki, bila kunificha kitu, mpaka aliporudi kwao Butiama kulima mtama. Baada ya hapo boila niliiwasha mwenyewe, na wanaume walioleta kuni walichukua muda kuzoea kupokea amri zangu.