Mtu Aliyekuwa Ndani ya Skrini Nyeusi

Mimi, mtu wa kushangazwa na kitu? Apana. Uliza mtaa wote wa Buyenzi. Niliacha shule darasa la nne, nikauza mifuko ya plastiki mkononi, na leo nina duka la vitenge lenye milango miwili, nyumba ni yangu. Nimeona maji yakiingia Buterere mpaka juu ya vitanda. Nimeona soko kuu likiungua na mali yangu ndani. Sikutetemeka. Kwa hiyo nikikuambia jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, macho wazi, niamini. Ningekuwa natunga, ningejitungia kisa cha kunisifu.

Ng'ambo ya barabara yuko Nasoro. Naye anauza vitenge. Mtu mpole, anakusalimia kabla hujafungua mdomo, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Idi ilipokaribia akatundika tivi mlangoni pake, inaonyesha vitenge vipya kimoja baada ya kingine. Wanawake wakaanza kusimama kwake. Wanawake wale walikuwa wangu! Walinunua kwangu kabla Nasoro hajajua bei ya jora moja. Kila aliyeingia kule nilimsikia hapa, chini ya kifua, kama mtu anayenichomolea kitu mfukoni.

Basi nami nikanunua, yangu kubwa mara mbili. Fundi wa mtaa wa Rohero anayeitwa Dezire akanifungia kompyuta ya ubao mmoja tu, ndogo, inaingia kwenye pakiti ya sigara, nayo inaendesha skrini mbili: ile kubwa ya mlangoni, ndiyo ya kwanza, na nyingine ndogo mezani pa kulipia. Siku ile watu walijaa mpaka barabarani. Nasoro mwenyewe alivuka kuja kunipongeza. Nililala vizuri.

Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi, na skrini kubwa ikawa nyeusi. Ndogo inafanya kazi, kubwa giza. Taa yake ndogo inawaka, picha hakuna. Nikabadilisha waya. Giza. Nikabeba vyote mpaka kwa Dezire, kule vikawaka bila shida. Nikarudisha dukani, ikawaka mpaka umeme ulipokatika tena. Giza. Na ng'ambo pale ya Nasoro inacheza tu. We ungefikiri nini? Kitu kinachopona kwa fundi na kufa kwako, mbele ya jirani anayetabasamu, huo ni ugonjwa wa waya? Nikamwambia mke wangu wazi kwamba Nasoro amenifanyia dawa.

"Baba Mariamu," akasema, "kama ana dawa ya tivi, si umuombe akuuzie?"

Wanawake ndivyo walivyo.

Sasa sikia. Ilikuwa Magharibi, mke wangu ameingia ndani kuswali, mvua inamwagika, umeme ndiyo kwanza umerudi. Akaingia mama mrefu mwenye mtandio mweusi. Mtandio mkavu. Viatu vikavu. Niliona, nikapuuza, nilikuwa nawaza kuuza. Akasimama mbele ya skrini yangu nyeusi, akaitazama kama watu wanavyotazama kitu kinachoonyesha.

"Hii yako ni nzuri kushinda ya ng'ambo," akasema.

Nikamwambia asinicheke, imekufa.

"Apana, Baba. Mi naona. Kuna mutu ya kofia, mikono nyuma, anaangalia duka ya mwenzake. Haangalii kitu ingine."

Nikachungulia. Giza tupu. Niamini, kofia ilikuwa kichwani kwangu na mikono nimeifunga nyuma, na hata hilo halikuniingia akilini. Akili yote ilikuwa ng'ambo.

Akaniuliza nataka nini. Mtu mwenye busara angesema nataka yangu iwake, si ndiyo? Mi nikasema nataka ile ya Nasoro izime.

"Na utanipa huyu mutu ya ndani?"

"Kama unamuona, muchukue. Hata mufuko nakupa bure."

Hakucheka. Akapitisha kiganja juu ya kioo kama anayefuta vumbi, akakunja ngumi, akatoka. Ng'ambo pakalia pap, na mlango wa Nasoro ukawa mweusi. Nikakimbilia nje nimuone yule mama. Barabara imenyooka, nyumba zimeshikana, hana pa kukatia kona. Hakuna mtu. Nami, nisikufiche, nilifurahi.

Asubuhi Dezire akaja kukagua tena, na umeme ukakatika akiwa hapo hapo. Uliporudi nikafanya tunavyofanya wote mji huu, maana umeme unarudi na nguvu za kuunguza vitu: skrini kubwa, yenye thamani, nikaiacha imezimwa mpaka umeme utulie. Ile ndogo na kompyuta sikujali, ziliwaka zenyewe. Dezire akashika kichwa. Akanieleza kwamba kompyuta ile ikiamka inatafuta skrini zake, na ikiikuta kubwa imezimwa haiihesabu tena, picha zote inapeleka kwa ndogo. Kubwa iwashwe kwanza, kompyuta mwisho. Tukafanya hivyo. Ikawaka palepale. Hata nauli hakudai.

Kwa hiyo Nasoro hakunifanyia lolote. Na siku chache baadaye akatundika tivi nyingine, kubwa kuliko yangu.

Nikasema sawa, nitamshindia Dubai, nikalete mali mwenyewe. Nikanunua tikiti kwanza, nimuonyeshe, halafu nikaenda kupiga picha ya pasipoti. Picha ikatoka kiti na pazia. Mpiga picha akacheka, akarudia. Kiti na pazia. Nikaenda kwa mwingine, na mwingine. Binti yangu Mariamu akanipiga picha kwa simu yake: ukuta. Masheikh wamenisomea, bado ukuta. Bila picha hakuna pasipoti. Nasoro ndiye anayekwenda Dubai, akirudi ananisalimia kwanza, ananionyesha alivyosimama mbele ya majumba yale, meno yote nje.

Wewe mwenye skrini mbili, washa kubwa kwanza. Na mgeni akikuambia anaona mtu kwenye kioo chako cheusi, usijifanye mkarimu, muulize kwanza ni nani. Mimi sikuuliza. Tikiti iliyopotea bure, wapiga picha, na sadaka za masheikh, jumla yake: faranga milioni nne na elfu mia mbili sabini na tano.