Mafuta Meusi ya Gari la Baba

Nisipoyamwaga mafuta yale, injini ingeweza kufa kwenye mlima wa Mau. Nikiyamwaga na kutia mengine, huenda ingekufa hata kabla ya kufika Molo. Kwa siku nne niliamka na wazo hilo, na kusema kweli ni vile tu watu husema kuamka, maana usingizi wenyewe haukuwepo.

Baba alikuwa anastaafu reli. Jumamosi ile tulitakiwa kurudisha funguo za nyumba ya reli ambamo mimi nilizaliwa, na yeye alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wa kanisa letu pale Nakuru kwamba hatapanda treni. Angempeleka Mama nyumbani, kule magharibi, kwa gari lake mwenyewe. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba tangu mvua za Aprili, na kutoka stesheni ya kwetu hadi bomani ni mwendo wa asubuhi nzima. Kwa hiyo gari lile halikuwa la majivuno tu. Lilikuwa miguu ya Mama.

Lilikuwa gari jeusi la kabla ya Vita vya Pili, ambalo Baba alilipata kwa mzungu mmoja wa Kabazi aliyekuwa anarudi kwao. Tulikuwa tumelijaribu hadi Bahati na kurudi. Tulipopanda mlima, mshale wa presha ya mafuta ulishuka polepole, na nyuma yetu moshi wa buluu ukatanda barabarani. Baba aliuangalia kwenye kioo, akasema, "Linataka mafuta mazuri. Wewe ndiye mwenye digrii. Chagua."

Digrii yangu ilikuwa ya historia na jiografia. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Kampala miezi michache tu iliyopita, nangoja kupangiwa shule ya kufundisha, na katika nyumba ile ilionekana kwamba mtu aliyesoma miaka yote hiyo hawezi kushindwa na kopo la mafuta. Nikaenda dukani. Kulikuwa na namba thelathini, kulikuwa na arobaini iliyo nzito zaidi, na kulikuwa na mafuta ya aina mpya ambayo kopo lake lilisema yanasafisha injini yenyewe kwa ndani. Nilisoma makopo yote matatu pande zote, nikarudi mikono mitupu.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya Menengai, nilichomoa kijiti cha kupimia mafuta. Kilitoka cheusi kama kilichochovywa kwenye lami.

"Baba, mafuta haya yalimwagwa lini?"

"Yamwagwe kwa nini?"

"Kitabu cha gari kinasema yamwagwe kila maili elfu moja."

"Kitabu kiliandikwa na watu wanaouza mafuta," alisema. "Mimi nimepaka injini za reli mafuta kabla hujajua kusoma. Unatia kabla ya safari, unatia tena stesheni. Hakuna siku bwana mkubwa aliniambia niyamwage."

Alisema kweli. Mafuta ya injini ya mvuke hayakai. Hudondoka kwenye ekseli na vyuma vya magurudumu, yakabaki kwenye reli kutoka Nakuru mpaka Kisumu. Mtia mafuta mzuri ni yule asiyeacha yakauke. Kwa miaka minne Baba alikuwa amelitunza gari lake hivyohivyo, kwa uangalifu wote aliofundishwa kazini, akiongeza kila Jumamosi na asimwage hata mara moja. Huo haukuwa uvivu. Ndiyo maana sikujua namna ya kumwambia.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi Mhindi aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Nilimweleza kila kitu, pamoja na mambo ambayo hakuyahitaji. Alisikiliza huku akifuta mikono.

"Bwana mwalimu, hii mafuta mpya iko na dawa ya kusafisha. Gari mpya, nzuri sana. Gari ya baba yako?" Akatikisa kichwa. "Inaamsha uchafu yote imelala miaka minne. Uchafu inaenda kwa pampu. Pampu inanyamaza. Halafu unakuja kunitukana mimi."

"Na nikiacha ya zamani?"

"Inanyamaza kwa mlima."

"Basi nifanye nini?"

"Fungua sampu, ile bakuli ya chini. Osha na mkono. Tia namba thelathini ya kawaida, haina dawa. Ikimaliza maili mia tano, mwaga. Tia ingine, mia tano, mwaga. Baadaye fuata kitabu."

"Unaweza kunifanyia kabla ya Jumamosi?"

Akacheka, akanionyesha magari sita uani. "Jumatano ijayo. Lakini baba yako mtu ya reli, bwana. Spana anajua. Mwambie."

Mwambie. Nilitembea hadi nyumbani nikitunga sentensi. Ya kwanza ilikuwa na heshima mno hata haikusema lolote. Ya pili ilimfanya aonekane mjinga. Nilifikiria kumwaga mafuta yeye akiwa kanisani, kisha nikawaza nati moja ikinishinda, yeye anarudi na kulikuta gari lake limefunguka tumbo. Nilifikiria pia kunyamaza, na hapo nikamwona Mama ameketi juu ya jiwe kando ya barabara ya Mau, miguu ameinyoosha mbele, na Baba hamtazami usoni.

Siku ya nne nilimkuta Mama jikoni akifunga vyungu kwa magazeti. Nilimweleza. Hakuacha kufunga.

"Baba yako si mtu wa kuogopa kuosha injini," alisema. "Kabla hajapandishwa cheo alikuwa muosha boila, yale matangi ya mvuke ya treni. Siku hizo alikuwa akirudi hapa kama kuku aliyenyeshewa, ovaroli imejaa matope meupe. Nilifua hizo nguo mpaka vidole vikachubuka. Umesahau? Wewe ndiye uliyekuwa unamkimbia."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikatoka nje mbio.

Baba alikuwa amekaa kwenye ubao wa kukanyagia chini ya mlango wa gari, anakunywa chai.

"Baba, boila mlikuwa mnaiosha kwa nini? Si mlikuwa mnaongeza maji kila stesheni?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hula. "Mvuke unaondoka, uchafu unabaki. Usipoiosha kwa zamu yake, inajaa matope, inapasuka."

"Haya mafuta hayadondoki njiani kama yale ya ekseli. Yanazunguka humohumo."

Nilikuwa na sentensi nyingine tano tayari. Sikuzihitaji. Aliweka kikombe chini, akachomoa kijiti, akasugua ule weusi kati ya kidole gumba na cha shahada kwa muda mrefu.

"Kumbe hii ni boila," alisema. Baadaye kidogo: "Miaka minne. Kijana wangu wa zamu angefanya hivi ningemfukuza."

"Hukuambiwa, Baba."

"Lete spana. Na mafuta ya taa, na ile karai kubwa. Usimwambie mama yako ni ile ya nguo."

Nilimweleza maneno ya fundi kuhusu sampu na zile maili mia tano, naye akalala chini ya gari mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Sampu iliposhuka, ndani yake mlikuwa na uji mweusi mzito uliokataa kumwagika. Aliukwangua kwa kijiko, akaosha kwa mafuta ya taa, akaosha tena, akinung'unika jina la kila sehemu aliyoigusa. Dirishani Mama alipiga kelele, "Hiyo ni karai yangu!" na Baba akaisukuma ndani zaidi chini ya gari.

Kisha akachukua chaki, akafungua boneti, akaandika upande wa ndani maili ambazo gari litakuwa limefikisha baada ya mia tano, kama walivyoandika zamu za kuosha kwenye ubao wa karakana. "Ukija likizo, tutamwaga pamoja," alisema. "Sasa, mwenye digrii. Thelathini au arobaini?"

Arobaini ingeinua mshale. Ingenyamazisha kelele za injini pia. Lakini asubuhi ya Mau ni baridi kali, na mafuta mazito hukawia kupanda. Nilianza kufikiri upya, nikajikuta nafikiri, nikaacha. Nilikimbia dukani kabla hawajafunga, nikarudi na namba thelathini ya kawaida, nikatoboa kopo, na Baba akanishikia faneli nikamimina.