Ngazi Saba na Mteremko wa Watu wa Mlimani

Mwalimu mkuu alikuwa ameshanipangia mahali pa kukaa kabla hata sijashuka kwenye gari. Stoo ya vitabu. Aliitaja kwa furaha, kama anayenikabidhi ufunguo wa nyumba mpya: iko usawa wa uwanja, haina ngazi, ina dirisha zuri, nitakuwa nagawa vitabu na kupokea vitabu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza nani atafundisha Hisabati darasa la saba, akasema nisijali, walimu wenzangu watagawana vipindi.

Nilijali sana. Kwa miezi minane nilikuwa nimelala chali, kwanza hospitalini, kisha kwa mama yangu, kwa sababu bodaboda niliyopanda kutoka sokoni ilishindwa kona moja ya Marangu ninayoijua tangu utoto. Dereva aliinuka akajikung'uta vumbi. Mimi sikuinuka, na miguu yangu haijaamka mpaka leo. Katika miezi hiyo, kitu kilichonifanya nikubali kula, nikubali kugeuzwa, nikubali kujifunza kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo, ni lile darasa. Wengine hujipa moyo kwa sala. Mimi nilijipa moyo kwa sehemu na uwiano, na sala kidogo.

Sasa, darasa la saba liko juu. Shule yetu imekaa kwenye mgongo wa kilima, kama kila kitu huku kwetu, na ili sakafu ya madarasa ilale sawa, waliojenga waliinua msingi upande wa chini, wakaweka baraza ndefu na ngazi saba za kuipandia. Nilizipanda miaka kumi na moja bila kujua kwamba ni saba. Nilizihesabu siku ile, nikiwa chini.

Alikuwepo mzazi mmoja aliyemleta mwanawe, mgumu, kama tunavyowaita hawa wanaobeba mizigo ya watalii mlimani. Aliniona nikizitazama ngazi.

"Mwalimu, tulia," alisema. "Mimi kilo ishirini napandisha mpaka kwenye barafu. Wewe ndiyo utanishinda?"

Alipitisha mikono chini ya magoti yangu kabla sijajibu, akapanda. Sketi yangu ikapanda pia, hadi mapajani. Watoto niliowafundisha kupiga mstari kwa rula walikuwa wamejipanga barazani wakitazama, na wale wenye adabu wakageuza nyuso pembeni. Hao wenye adabu ndio walioniumiza zaidi. Nilifundisha siku hiyo mpaka kengele ya mwisho. Choo nacho kina ngazi, hivyo sikunywa maji tangu asubuhi mpaka niliporudi nyumbani, na jioni nilimwambia mama kwamba sitabebwa tena, na mtu mzima yeyote atakayetaka kunibeba nitamng'ata. Mama alicheka. Mimi sikuwa natania.

Mtu akisema hilo ni jambo la shule za vijijini, aende Moshi mjini akiwa amekaa kwenye kiti changu. Miezi ile ya kliniki niliuzunguka mji mzima kwa magurudumu. Kuna njia za waenda kwa miguu zilizoinuliwa vizuri, zikapakwa rangi vizuri, na zinakatika ghafla juu ya mtaro usio na kifuniko. Kuna ofisi moja ambayo karani wake alitoka nje na fomu, akanihudumia kando ya barabara, pembeni ya muuza karanga, huku akinisomea maswali kwa sauti kubwa: umri, ndoa, idadi ya watoto. Muuza karanga alijua mambo yangu yote. Karani alikuwa mpole kweli kweli, na nilimchukia kwa upole wake.

Kwa hiyo nilimwambia mwalimu mkuu nataka mteremko wa zege pembeni ya ngazi, nipande mwenyewe. Kwa haki yake, hakubisha. Alipeleka ombi kwenye kamati ya shule, na mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye kahawa nyingi na maneno mengi zaidi, akatangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Jumamosi moja wazazi walikuja na mawe, mchanga, majembe na ndoo. Wanawake walipika machalari ya ndizi na nyama. Pombe ya mbege ilikuwepo. Mpaka jioni mteremko ulikuwa umekamilika, na Jumatatu ya wiki iliyofuata, zege lilipokauka, niliitwa kuuzindua.

Niliutazama kuanzia chini mpaka juu.

Ni lazima nieleze kuhusu sisi watu wa huku. Tunazaliwa kwenye mteremko, tunalala kwenye mteremko, migomba yetu imesimama kwenye mteremko. Bibi wa miaka themanini anapanda njia ambayo mtu wa tambarare angeipanda kwa mikono na magoti, na kichwani ana mkungu wa ndizi. Ukituuliza kama mahali fulani ni mwinuko, tunaangalia huku na huku tukitafuta huo mwinuko. Basi wazazi wale, kwa moyo safi kabisa, walikuwa wamejenga mteremko ambao kwa macho yao ulikuwa uwanja wa mpira. Ulianza barazani ukaishia mita tatu na nusu tu mbele, ili usiguse maegesho ya gari la mwalimu mkuu.

"Haya, mwalimu, panda," alisema mwenyekiti.

Nilisukuma magurudumu. Nilifika robo. Magurudumu ya mbele yakanyanyuka, kiti kikataka kupinduka, nikaachia, nikarudi nyuma kwa kasi mpaka kwenye maua. Watu walipiga mayowe. Nilipokwisha kutoa majani kwenye nywele niliwaambia ukweli, kwamba umesimama mno, hauwezi kutumika, inabidi ujengwe mwingine.

"Huo?" mwenyekiti alishangaa, na alishangaa kwa dhati. "Huo mbona umelala! Mama yangu mzazi anaupanda huo akiwa amefumba macho."

Halafu akawageukia wazazi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Tumeacha mashamba yetu Jumamosi nzima. Mwalimu hana shukrani."

Kesho yake niliwaagiza darasa la saba washushe madawati. Yaliposhuka tuliyapanga kwenye maegesho ya mwalimu mkuu, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa tambarare, na ubao mdogo tukauegemeza kwenye ukuta wa baraza. Mwalimu mkuu alipofika na gari alipiga honi mara mbili. Nikaendelea na uwiano. Akaliacha gari barabarani akaingia kwa miguu. Tulisoma hapo wiki tatu. Manyunyu yakija tulifunika madaftari kwa mifuko, yakizidi tulisogea kwenye ukuta, na siku moja wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba watoto wao wanakohoa. Niliwaambia mimi pia nakohoa, na kwamba dawa ya kikohozi hicho ni mita kumi na nne na sentimita arobaini za zege. Watoto wao ndio waliokuwa wameipiga hesabu hiyo, kwa futi kamba: baraza ina kimo cha sentimita mia moja na ishirini, na kila sentimita moja ya kupanda inahitaji kumi na mbili za kwenda mbele. Sikuwahi kuwa na darasa lililoelewa uwiano vizuri namna ile.

Ndipo wakaja na isale.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mwenyekiti na mwalimu mkuu walikuja nyumbani kwa mama, wamevaa makoti, na mwenyekiti ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu hapo hakuna mjadala. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, unapokea. Kuna watu wamepokea isale kwa makosa ya damu. Ukilikataa, hata majirani zako watapunguza salamu.

"Nilikutukana mbele za watu," alisema mwenyekiti. "Nimekosa. Nisamehe, yaishe."

Nilimwamkia shikamoo, nikapokea jani kwa mikono miwili. "Aika mbe," nikamshukuru kwa Kichagga, nikasema nimesamehe. Na nilisamehe kweli. Lakini nikaongeza kwamba zile ngazi saba zina umri mkubwa kuliko mimi, na sijawahi kumsikia mtu mwenye miguu akiambiwa azishukuru. Mzee aliangalia chini. Mama akaleta chai.

Chai ilipofika nusu, mwalimu mkuu akakohoa. "Basi, mwalimu, kwa kuwa sasa yameisha, Jumatatu watoto warudi juu. Wewe utakaa stoo kwa muda. Huo mteremko mwingine tutauangalia mwakani, fungu likipatikana."

Hapo ndipo nilipoelewa walichonifanyia. Walijua siwezi kukataa isale. Na aliyepokea isale hawezi kesho yake kurudi kugomba pale pale kwenye maegesho. Ugomvi umekwisha, mila imeumaliza, na mimi nimemalizwa pamoja nao. Walipoondoka nililigeuza lile jani mikononi muda mrefu, nikiwaza mwakani ngapi zimeshapita katika shule hii.

Nikamwomba mama anikatie vijiti vya masale kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, vingi.

"Vya nini?"

"Vya mpaka."

Mama hakuuliza tena. Mmea uleule unaoomba msamaha ndio tunaouweka mipakani, tangu mababu. Ukiona masale yamepangwa kwa mstari, unajua hapa ardhi ya mtu imeishia. Kuna ndugu hawajasalimiana miaka ishirini, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kugusa masale yaliyo kati yao.

Ijumaa mchana mwalimu mkuu alikuwa na kikao mjini. Darasa la saba walikuwa na kipindi cha vitendo. Walipima kwa futi kamba kuanzia ukingo wa baraza, mita kumi na nne na sentimita arobaini, na sehemu bapa katikati ya kupumzikia, wakavuta mistari miwili sambamba, wakahakiki, wakachimba, wakapanda. Mistari ilipita katikati ya maua na katikati kabisa ya maegesho. Sikuwaambia ni ya nini. Hawakuwa wajinga.

Jumatatu nilifika mapema, nikakaa mbele ya mlango wa stoo kama nilivyoagizwa. Gari liliingia getini, likapunguza mwendo, likasimama. Mwalimu mkuu akashuka. Alitembea kando ya mstari wa kwanza, akarudi kando ya mstari wa pili. Mwenyekiti naye aliitwa, akaja na kandambili miguuni, akasimama pembeni yake. Wakanong'onezana Kichagga. Kisha wakaja kwangu.

"Mwalimu, nani amepanda masale pale?"

"Mimi."

"Unajua masale hayang'olewi," alisema mwenyekiti, taratibu.

"Najua, mzee. Ndiyo maana sikutumia kamba."

Alinitazama. Midomo ikamcheza, akaiziba kwa kiganja, lakini mabega yalimsaliti. Alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu mkuu hakucheka. Alirudi kwenye gari akalirudisha nyuma, polepole sana, mpaka likatoka getini.

Sikuingia stoo hata siku moja. Mwenyekiti alitangaza msaragambo wa pili, na kwa wiki zake tano nilifundishia mlangoni pake, na hakuna aliyenigusa. Safari hii walimwaga zege ndani ya mistari yangu, na kabla ya kumwaga waliniita nipime. Choo bado kina ngazi. Nimeshawaambia ndicho kinachofuata, na mama ameshaambiwa asifyeke masale yote.

Mteremko ukiwa umelala, unachosha kwa urefu wake, lakini unapandika. Siku za zamu yangu natangulia asubuhi kabla ya walimu wengine. Napanda mpaka sehemu bapa, napumua, namalizia. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mwisho wa baraza, na ni mimi ninayeigonga. Naigonga kwa nguvu kuliko inavyohitaji, mpaka ng'ambo ya bonde mbwa wanaamka. Kama inamuudhi mtu, masale yapo tele pale chini, na sitachuma hata jani moja kwenda kumwomba msamaha.